Kuvuka Udongo Mweusi kwa Land Rover Kuukuu la Jeshi: Mwongozo Kamili

Mvua ya masika ikianza tu, swali ni lile lile. Mtu amenunua Land Rover lililotoka jeshini, amelipaka rangi, amelitia tairi mpya za matope, ameshuka nalo kutoka Kericho hadi Ahero, kisha limezama hadi kwenye difu (lile tufe la gia kwenye ekseli) hatua chache tu kutoka barabarani. Sasa anauliza anunue winchi gani.

Winchi si jibu. Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, hauna miti ya kufungia kamba kila mahali, na gari lenyewe kwa kawaida halikuwa na kosa. Kuvuka au kukwama huamuliwa kabla gurudumu la mbele halijagusa tope, na hapo ndipo wengi hupita haraka.

Nimeandika nikifikiria magari mawili: Series III 109, ile yenye springi za bapa, na 110 ya springi za mviringo iliyoifuata kuanzia 1983. Mwenye gari jingine atafaidika na mengi ya haya, isipokuwa sehemu ya gia.

Mahali pa kufanyia mazoezi

Gari kuwa la zamani la jeshi hakukupi ruhusa ya kuingia katika ardhi ya jeshi. Lanet na Gilgil, penye kambi za jeshi, ukiona uzio na kibao, geuza. Maeneo hayo yanalindwa na sheria ya Kenya (Protected Areas Act, sura ya 204), na uwanja wa mazoezi ya silaha unaweza kuwa na kombora ambalo halikulipuka. Tope halikutishi sana ukilinganisha na hilo. Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru nako, kutoka nje ya barabara ni marufuku.

Tafuta shamba la mtu, omba ruhusa, na uende kabla hajapanda. Mpe mwenye shamba namba yako ya simu, kisha rudi na jembe usawazishe mashimo uliyoacha. Ukiondoka bila kufanya hivyo, mwenzako atakayekuja baadaye atakuta lango lina kufuli.

Vifaa vya kubeba

- Geji ya presha inayosoma vizuri chini ya psi 30, na pampu au kompresa. Bila pampu usipunguze presha hata kidogo.
- Koleo la mpini mfupi. Mpini mrefu hauingii chini ya gari.
- Jembe na panga.
- Jeki mbili: ya chupa na ile ndefu ya mkono (hi-lift).
- Mbao mbili nene za mraba, kama sentimita 40 kila upande. Jeki bila ubao hujizika yenyewe.
- Magunia ya katani manne au zaidi. Ya plastiki huteleza, usiyabebe.
- Kamba nene ya kuvutia isiyo na fundo, ya mita 8 au zaidi, na pingu mbili za chuma zenye pini ya skrubu.
- Fimbo iliyonyooka. Nitaieleza hivi punde. Ndiyo kifaa kikubwa kuliko vyote hapa.
- Maji ya kunywa, gambuti, taa ya kichwani, na mtu wa pili. Usiende peke yako.

Kuhusu umeme: baadhi ya Land Rover za jeshi zilitengenezwa kubebea redio, na umeme wake ni volti 24. Angalia betri zako sasa. Ukikwama usiku na dereva wa matatu akuletee nyaya za kuchajia kutoka kwenye betri yake ya volti 12, lazima ujue la kumwambia.

Hatua ya 1: Pima gari lako nyumbani

Lala chini, mbele kisha nyuma, utazame difu. Utaona haiko katikati ya ekseli. Kwa Land Rover hizi iko upande wa kulia, upande wa dereva. Ukiona jiwe au kigongo katikati ya njia, kipitishe kushoto kwa difu.

Sasa chukua ile fimbo. Isimamishe chini kando ya difu na uichonge alama pale sehemu ya chini kabisa ya difu inapofikia. Kwa tairi za 7.50-16, ndizo nyingi kwenye magari haya, itakuwa kama sentimita 20 hivi. Weka alama ya pili sentimita tatu chini ya ile ya kwanza. Alama ya chini ndiyo ya tairi zilizopunguzwa presha, kwa sababu gari litashuka kidogo.

Fimbo hiyo ndiyo itakuambia vuka au geuza. Macho hudanganya, hasa ukiwa umesafiri kutoka Nakuru na hutaki kurudi bure.

Jaribu pia fowili (magurudumu yote manne kuvuta) ukiwa nyumbani, kwenye nyasi au changarawe, si kwenye lami. Series III ina kitufe cha njano na wenzo mfupi wa gia wenye kitufe chekundu. Ukibonyeza cha njano chini, magurudumu ya mbele huanza kuvuta katika gia kubwa. Ukivuta chekundu nyuma, gari likiwa limesimama, unaingia gia ndogo (za mwendo wa polepole na nguvu nyingi) na fowili huja yenyewe. Kama habu zako za mbele (vitovu vya magurudumu) ni zile za kufungua na kufunga kwa mkono, zifunge. Zikibaki wazi, unaweza kuvuta vitufe hadi kesho na magurudumu ya mbele yatabaki ya kusukumwa tu.

Kwenye 110, magurudumu yote manne huvuta muda wote, lakini bila kufunga difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) gurudumu moja likiteleza hula nguvu yote. Sogeza wenzo wa gia ndogo upande wa kufunga, na usiamini mpaka taa ya dashibodi iwake. Wakati mwingine inahitaji gari lisogee kidogo ndipo ishike.

Gari likiwa tayari, utasikia kwenye usukani: kona kali inakuwa nzito na magurudumu ya mbele yanasuasua. Ndiyo maana fowili haitakiwi kwenye lami. Shafti hujikaza na kitu huvunjika.

Hatua ya 2: Shuka, vua viatu, utembee

Udongo mweusi wa Kano hunywa maji na kuvimba, kisha ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua ya kwanza huteremka moja kwa moja ndani ya nyufa hizo. Kwa hiyo njia moja, siku tatu tofauti, ni njia tatu.

*Hali ya kwanza: utelezi.* Mvua imenyesha kwa muda mfupi. Juu kuna ute mwembamba, chini ni kugumu. Fimbo inaingia kiasi cha kidole na kugonga.

*Hali ya pili: hakuna chini.* Mvua imepiga siku nyingi. Fimbo inaingia bila kusukumwa na hugusi kitu.

*Hali ya tatu: ukoko.* Jua limewaka siku mbili na juu pamekauka, kweupe kidogo. Unakanyaga na hapazami. Choma fimbo kwa nguvu: ukoko unatoboka na chini yake mna uji. Hii ndiyo inayozamisha wageni wengi, kwa sababu hubeba mtu, hubeba pikipiki, na haibebi gari la zaidi ya tani moja na nusu.

Nimetaja pikipiki makusudi. Alama za boda boda zinaonyesha mahali pembamba pagumu panapotosha gurudumu moja. Alama za trekta ni hatari zaidi, maana trekta limesimama juu kuliko wewe. Ukiingiza magurudumu kwenye mifereji yake, difu inakaa juu ya kigongo cha katikati na magurudumu yanabaki yakizunguka. Ingiza fimbo kwenye mfereji: ukipita alama yako, panda juu ya kigongo kwa gurudumu moja na jingine liwe nje kabisa ya mfereji.

Tembea njia yote, peku au na gambuti, ukichoma fimbo kila hatua mbili mahali magurudumu *mawili* yatakapopita. Watu hutembea katikati, mahali ambapo hakuna gurudumu litakalokanyaga. Chagua pia mahali pa kutokea na mahali pa kusimama upya katikati, penye nyasi nene au kichuguu kilichobomoka.

Kwa wenyeji usiulize, "Gari linapita?" Mzee atakujibu linapita ili asikuvunje moyo. Muulize, "Gari la mwisho lilipita lini, na lilikuwa gari gani?"

Fimbo ikizama kupita alama kwa umbali unaozidi urefu wa gari lako, geuza. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya 3: Presha, lakini si kila mara

Hapa nitapingana na ushauri unaosambaa kila mahali, kwamba tope ni kupunguza upepo. Inategemea ni hali gani kati ya zile tatu.

Kwenye utelezi wenye ugumu chini, usipunguze. Tairi za 7.50 ni nyembamba, na hapo wembamba ndio faida. Zinakata ute na kufika pagumu. Ukizilegeza, zinatanuka na kuelea juu ya ute, na gari linakwenda ubavu mtaroni.

Kwenye hali ya pili na ya tatu, punguza. Unataka tairi litandike uzito. Shuka hadi 20 mbele na 22 nyuma. Ukiwa na tairi za tyubu, na nyingi za jeshi ni za tyubu, usipite chini ya 18. Tairi legevu huteleza juu ya rimu, huivuta tyubu, na valvu inanyofoka. Utabaki na pancha katikati ya uji, mahali ambapo jeki haisimami.

Andika presha ya awali kwa chaki ndani ya mlango. Ukirudi barabarani, jaza kabla ya kuendesha kwa kasi.

Utajua umefanya vizuri ukiona ubavu wa tairi umetuna kidogo pale chini na alama yake ardhini imerefuka.

Hatua ya 4: Gia kabla ya tope

Simama pakavu. Gia ndogo, fowili, habu zimefungwa, difu ya katikati imefungwa. Kisha chagua gia *moja* utakayomaliza nayo.

Gia ya kwanza ndogo ina nguvu mno. Magurudumu yatazunguka hapo hapo na kuchimba. Kwa tope la kawaida tumia ya pili. Kama una injini ya petroli yenye nguvu kiasi na njia imenyooka, ya tatu. Kubadilisha gia katikati ni kukanyaga klachi, na ukikanyaga klachi kwenye udongo mweusi gari linasimama kana kwamba umefunga breki.

Madirisha wazi. Abiria wote mbele, au washuke watembee. Yale mabenchi ya pembeni nyuma hayana mikanda, na mtu aliyekaa ubavu hugonga kichwa kwenye vyuma. Funga kila kitu kilicho nyuma, hasa jeki.

Hatua ya 5: Kuvuka

Ingia kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, si zaidi. Weka mafuta mahali pamoja na uyaache hapo.

Shika usukani kwa nje, vidole gumba visiingie ndani ya duara. Series III haina msaada wa usukani. Gurudumu likigonga kigongo, spoki hurudi kwa nguvu ya kuvunja kidole.

Gari likianza kupungua mwendo, usiongeze mafuta. Yumbisha usukani kushoto na kulia, robo ya mzunguko, haraka haraka. Kingo za tairi zinatafuta udongo mpya ambao haujalainishwa, na mara nyingi gari linapata pumzi ya mita mbili tatu zaidi. Sikiliza injini: mlio ukipanda na mandhari haisogei, magurudumu yanazunguka bure. Toa mguu mara hiyo hiyo. Sekunde tano za ubishi hapo zinaweza kukugharimu mchana mzima.

Ukifanikiwa utasikia mlio mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukifika ng'ambo, usisimame kwenye ukingo. Endelea mpaka magurudumu ya nyuma yawe pakavu.

Kama kuna mteremko wa udongo, kama zile njia za Kuresoi na Mau Narok ambazo mvua huzigeuza sabuni, shuka kwa gia ya kwanza ndogo, wima, bila klachi na bila breki. Gari likianza kwenda ubavu, ongeza mafuta kidogo kulinyoosha. Kila kiungo chako kitakataa, lakini breki hapo ndiyo inayopindua.

Hatua ya 6: Umekwama

Jaribu kwanza kurudi nyuma kwa gia ya nyuma ndogo, mara moja tu, kwa upole, kwenye alama zako mwenyewe. Njia uliyoingilia unaijua. Isipowezekana, zima injini, ushuke, na ufuate mpangilio huu.

1. Chimba ekseli kabla ya magurudumu. Ingiza fimbo chini ya difu. Kama haipiti upande wa pili, gari limekalia tumbo. Ondoa udongo wote ulioshika difu, ekseli na springi za bapa. Udongo mweusi una mvuto wa kunyonya, na huo usipoukata kwa kuingiza hewa, hata trekta litavuta bampa liache chasisi.

2. Chimba mteremko mbele ya kila gurudumu, au nyuma yake kama unarudi. Uwe mrefu na mlalo. Shimo fupi lenye ukuta gurudumu haliwezi kulipanda.

3. Inua gurudumu lililozama zaidi. Ubao chini, jeki juu ya ubao. Ile jeki ndefu shika mkono wake mbali na uso. Mkono huo hurudi kwa kasi. Usiweke hata kiganja chini ya gari lililoinuliwa na jeki peke yake.

4. Jaza shimo, usifunike. Matawi makavu, mawe kama yapo, nyasi zilizokatwa, na magunia juu yake. Usikate ua wa mtu. Wenzako wasimame pembeni, si nyuma, kwa sababu gunia huruka.

5. Gia ya pili ndogo, toa klachi polepole, mafuta machache kabisa. Magurudumu yote yakiwa yamenyooka mbele.

Gari likisogea hata nusu mita kisha likasimama, hayo ni mafanikio. Chimba tena hapo lilipo. Wengi hukata tamaa hapa na kurudi kwenye kukanyaga mafuta.

Hatua ya 7: Kuvutwa na trekta

Maeneo ya skimu za mpunga za Ahero na West Kano trekta hupatikana, na mahali pengine utaletewa ng'ombe wa jembe. Usiwadharau ng'ombe. Wanavuta polepole bila kustua, na hilo ndilo gari linalohitaji. Patana bei kabla kamba haijafungwa, na uwe umeshachimba. Trekta linalovuta gari lililokalia tumbo linavunja kitu.

Nyuma ya gari lako pengine kuna ile ndoano kubwa ya jeshi yenye mdomo unaofunga. Hapo ndipo pa kufungia. Mbele, angalia boliti zinazoshika bampa kwenye chasisi. Zikiwa zimeliwa na kutu, fungia chasisi yenyewe. Kamwe usifungie kwenye kile kichwa cha duara cha chuma cha kuvutia trela ndogo (tow ball). Kikikatika, huruka na kuua mtu, na hayo yameshatokea sehemu nyingi duniani.

Kamba ikikazwa, watu wote wawe mbali kuliko urefu wa kamba. Watoto watakuja, watakuja wengi, na watataka kusimama pale pale. Mpe kijana mmoja mkubwa kazi ya kuwaweka nyuma, na umlipe. Tupa gunia au koti zito katikati ya kamba ili ikikatika ianguke. Mvutaji aanze taratibu mpaka kamba inyooke, ndipo avute. Kama unatumia mnyororo, usiustue hata mara moja.

Maji yakiwa njiani

Mto Nyando ukifurika, maji hutanda mashambani na kuficha mifereji. Sheria yangu ni fupi: nisipoweza kuyatembea, siyaendeshi. Gari hizi zimeundwa kwa kina cha kama nusu mita, na maji yanayokwenda kasi hulisukuma gari hata chini ya hapo.

Ukiwa na kizibo cha chuma cha nyumba ya klachi, kikaze kabla ya kuingia na ukifungue ukifika nyumbani, oili iliyovuja ipate pa kutokea. Kwenye maji marefu, gari la petroli litolewe feni belti ili feni isirushe maji kwenye plagi na distribyuta. Ingia taratibu na usisimame.

Ukitoka, kanyaga breki kidogo kidogo huku ukiendesha mpaka zianze kushika. Series III ina breki za ngoma, na ngoma iliyojaa maji na tope haishiki chochote kwenye kona ya kwanza utakayokutana nayo.

Kabla ya kurudi Nakuru

Toa fowili ukiwa bado kwenye murram, si kwenye lami. Kitufe kikigoma, rudi nyuma hatua chache na shafti italegea. Fungua habu. Jaza upepo.

Chukua fimbo ukwangue tope lililo ndani ya rimu. Likikaukia humo upande mmoja, ukifika kilomita 70 kwa saa usukani utatetemeka, na utampelekea fundi gari asilokuta ugonjwa. Angalia rejeta, tope likiziba matundu yake, gari litachemka kwenye mpando wa Kericho. Osha rejeta kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kwa presha ya kuosha lori.

Kesho yake legeza plagi ya kumwagia oili ya kila difu uone tone la kwanza. Likiwa jeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia: mwaga yote, weka mpya, na ubadilishe pia sili iliyopitisha. Fanya hivyo hivyo kwa zile mboni za mbele zinazogeuza magurudumu, kisha paka grisi viungo vyote vya shafti mpaka grisi mpya ianze kutoka ikiwa safi.